Mke wa Kwanza wa Ismaili

Tarehe 3 Februari

Dada yangu,

Hunijui, na huenda hutaki kunijua. Mimi ndiye niliyeolewa na Mhandisi baada yako. Anwani ya maktaba unayofanyia kazi nimepewa na jirani yetu mshonaji, yule mwenye cherehani dirishani. Usimkasirikie. Nilimbana mpaka akaitoa.

Nina jambo dogo, tena la kuchekesha kidogo. Juzi baba mkwe alifika hapa mchana. Mhandisi yuko huko porini kwenye daraja lake, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka kazini (nina duka la dawa, pale kona ya kituo cha polisi), nimechoka, miguu imevimba. Nikamkaribisha, nikampa maji, akanywa. Hakuketi. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Maisha yanakwendaje?" Nikamjibu kama ninavyomjibu baba yangu mzazi: "Magumu, baba. Mwanao haonekani, na mimi nalala nimechoka naamka nimechoka." Akatikisa kichwa. Akasema, "Mumeo akirudi mpe salamu zangu, na umwambie abadilishe kizingiti cha mlango wake." Akaenda zake.

Sasa, kizingiti chetu kweli kilikuwa kimeliwa na mchwa. Nikaona haya, nikadhani mzee kajikwaa. Kesho yake nikaita seremala, akaweka kipya cha mbao ngumu, kinang'aa hata unaogopa kukikanyaga. Nilikuwa nafurahi nacho mpaka mshonaji alipopita, akakitazama, akashika kiuno. "Una nini?" nikamuuliza. Akasema, "Maneno hayo hayo ya kizingiti niliyasikia kutoka dirishani kwangu, siku za mke wa kwanza. Haukupita muda akaondoka."

Dada, kuna nini? Mume wangu akirudi nimpe salamu hizi, au ninyamaze?

Wako,
Mwenye duka la dawa


Tarehe 12 Februari

Kwa mke wa Mhandisi,

Barua yako imenifikia. Kizingiti ni kizingiti. Baba mkwe akikutuma salamu kwa mwanawe, unazifikisha. Mpe neno kwa neno, usipunguze wala usiongeze, na mpe akiwa ametulia, ameshaketi kula. Mimi nilifanya hivyo hivyo.

Hongera kwa mlango mpya.

Mfasiri


Tarehe 19 Februari

Dada yangu,

Ahsante kwa kunijibu. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake. Ni fupi, na nadhani nimekuudhi, kwa hiyo acha niseme ambalo lingesemwa tangu mwanzo.

Mimi nilizaliwa nyumba ya mchungaji. Baba yangu bado ana kanisa lake dogo na rafu zake za vitabu. Niliposilimu na kuolewa, baba mkwe alinieleza habari zako kwa ufupi: kwamba ulichoka na dini, ukamkimbia mume, ukaenda kuishi na Wayahudi. Niliamini. Kwa nini nisiamini? Yeye ni Mwalimu wa dini, watu wanamwita Radi kwa sauti yake, na akizungumza hata feni ya darini unaiona imetulia. Kwamba wewe ndiye uliyeachwa, nimeambiwa na mshonaji mwezi huu tu.

Huenda unadhani mimi ndiye niliyekutoa. Sikukutoa, dada. Mhandisi nilimjua zaidi ya mwaka mzima baada yako. Alikuja dukani kununua dawa ya kichwa. Akarudi wiki iliyofuata kununua dawa ile ile, na iliyofuata, mpaka nikamwambia kichwa hiki kinataka daktari, si mimi. Ndivyo posa yangu ilivyoanza.

Kitu kingine. Nilipoingia humu nilikuta stoo kamusi yako kubwa ya Kiebrania. Mwalimu aliagiza ichomwe. Niliificha chini ya maboksi ya pamba, hata sijui kwa nini. Ipo, haina hata tundu la mdudu. Nikuletee vipi?

Mhandisi anarudi Jumamosi. Nitampa salamu mezani, kama ulivyonishauri.

Mwenye duka la dawa


Tarehe 25 Februari

Usimwambie.

Kama barua hii imekuwahi, usimwambie neno. Naituma kwa basi, nitamwomba kondakta aikabidhi kwa mshonaji mkononi.

Sikiliza. Masimulizi yetu yanasema Nabii Ibrahimu alikwenda kumtazama mwanawe Ismaili kule alikomwacha na mama yake, Bi Hajara. Hakumkuta, alikuwa ametoka kuwinda. Akamkuta mkewe. Akamuuliza habari za maisha yao. Mke akasema, tuna dhiki, tuna shida. Mzee hakujitambulisha. Akasema: mumeo akirudi msalimie, na umwambie abadilishe kizingiti cha mlango wake. Ismaili aliporudi, mke akamfikishia salamu kama alivyotumwa. Ismaili akasema: yule alikuwa baba yangu, na ameniamuru nikuache. Rudi kwenu.

Kizingiti ni mke. Kizingiti ni wewe.

Nami nilipotumwa sikujua. Nilikuwa nafasiri mambo ya talaka za karne zilizopita, na yangu nikaibeba kama sahani ya chakula, nikamwekea mume wangu mezani. Alipoacha kula ndipo nilipoelewa.

Nilijua maana ya swali lako tangu mstari wa kwanza. Nikakujibu vile kwa makusudi. Nilitaka nawe uibebe mwenyewe, kwa mikono yako, huku unatabasamu. Kwa miaka tisa nimekuwa nakuona usingizini umekaa kwenye kiti changu. Sikuwa na sura ya kukupa, kwa hiyo nilikupa mbaya.

Usimwambie.

Mfasiri


Tarehe 4 Machi

Imechelewa.

Nilimwambia Jumamosi. Alikuwa anakula, anacheka, ananieleza jinsi nguzo ya tatu ya daraja ilivyokataa kusimama. Nikamwambia, "Baba yako amekuja, anakusalimia, anasema ubadilishe kizingiti. Nami nimeshakibadilisha, hukukiona ulipoingia?" Nilisema hivyo, kwa kujivuna. Akaweka kijiko chini. Akanitazama kama mtu anayemtazama maiti wa kwao. Akanawa mikono, akatoka, akavuka kizingiti changu kipya, akaenda kwa baba yake.

Barua yako ilifika Jumatatu.

Umekaa huko kwenye chumba chako chenye vitabu, mtu mzima, msomi, ukaandika "Hongera kwa mlango mpya." Nimeikunja hiyo barua, nimeitia kwenye mkoba, na kila nikitaka kukuonea huruma naifungua.

Niko kwa baba yangu. Mhandisi hajanitamkia talaka, anasema anatafakari. Nimeshajua anatafakari nini. Mwalimu anajengewa ukumbi mpya wa darsa, na mwenyekiti wa kamati ya ukumbi ana binti. Nimeambiwa na mwanamke anayenunua dawa za presha kwangu, ambaye ni shangazi wa huyo binti. Naye mwenyekiti ameambiwa kwamba mimi nilishaachwa zamani.

Nilimweleza baba hadithi ya kizingiti. Yeye hakuijua, ila alikwenda kwenye rafu akanionyesha jambo jingine. Kwenye Biblia, Abrahamu uzeeni anaoa mwanamke aitwaye Ketura. Baba anasema mapadri wa kale waliwauliza Wayahudi huyu ni nani, na Wayahudi wakawaambia ni Hajiri, Bi Hajara wetu, yule yule aliyefukuzwa. Abrahamu alimrudisha, kwa jina jipya. "Unaona, mwanangu," akasema, "aliyefukuzwa alirudishwa." Alidhani ananituliza. Nikamwambia, "Baba, mimi sitaki kurudishwa. Nataka mtu ajibu."

Una deni kwangu. Wewe unajua vitabu, mimi najua vidonge. Nipe cha kumpigia yule mzee.


Tarehe 10 Machi

Mwenzangu,

Deni nalikubali.

Kwanza ujue kwa nini alinitoa. Siku ile aliponijia, nilikuwa na Torati ya Kiebrania wazi mezani. Nilikuwa nimeanza kufanya kazi kwenye chumba cha maandishi ya kale cha maktaba hii, meza moja na Rabi mmoja mstaafu na Padri mmoja anayekoroma. Akaitazama Torati, akaniuliza maisha yanakwendaje. Nikasema, "Magumu, mzee, mume yuko safarini." Yaliyobaki unayajua. Hata maji sikukumbuka kumpa, naye hakuomba.

Sasa silaha. Mwaka wa pili wa upweke wangu Rabi alinisogezea kitabu. Ni mkusanyo wa kale wa Kiyahudi wa masimulizi juu ya Torati. "Soma hapa," akasema, "utamkuta Ismaili wenu." Nikasoma, nikarudia tangu juu. Ibrahimu amepanda ngamia, amemwapia Sara kwamba hatashuka, anakwenda kumwona Ismaili. Anamkuta mkewe. Anaacha ujumbe ule ule wa kizingiti. Mke anatolewa. Mzee anarudi baadaye, anamkuta mke wa pili, anafurahi naye. Yote yamo, kwa herufi za Kiebrania.

Unaelewa nilicho nacho? Radi, ambaye kila darsa anapiga kelele kwamba aliyegusa vitabu vya Wayahudi na Wakristo amekunywa sumu, anafukuza wake za mwanawe kwa hadithi iliyomo kwenye kitabu cha Wayahudi! Nimesikia darsa la kufungua ukumbi linaitwa "Nyumba ya Nabii Ibrahimu." Ataisimulia hadithi hii. Hawezi kuiacha, anaipenda kama wengine wanavyopenda sauti zao. Akimaliza, simama useme: "Mwalimu, hii ni hadithi ya Kiyahudi." Basi. Wafuasi aliowafundisha kuchukia watamfanyia yeye yale aliyowafundisha. Wamburute mpaka barabarani, nami nipate usingizi.

Mimi ukumbini siruhusiwi kuingia. Wewe bado ni mkwe.

Kwa ukamilifu tu, maana ni tabia ya kazi: katika kitabu kile wake wawili wa Ismaili wamepewa majina, nayo ni majina ya wanawake wawili wakubwa wa nyumba ya Mtume wetu. Na kule mke wa kwanza anaombwa mkate na maji, naye anasema hakuna. Hayo usiyataje. Yatawachanganya.

Mfasiri


Tarehe 17 Machi

Dada,

Yamenichanganya mimi kwanza.

Kama kitabu chao kina majina ya wanawake wa nyumba ya Mtume, basi aliyekiandika aliishi baada ya Mtume, tena karibu na Waislamu. Si ndiyo? Basi huenda yeye ndiye aliyesikia kwetu. Nimemuuliza baba, akacheka, akasema hata yeye mahubiri yake nusu ameyatoa kwa watu waliobisha hodi kwa Wayahudi kuuliza maana ya neno moja.

Kwa hiyo unanituma nikasimame mbele ya watu nikaseme uongo. Uongo wenye tarehe na kurasa, lakini uongo. Tena wataanza na Radi, wataishia kwa Rabi wako.

Nimewahi kubeba maneno nisiyoyajua maana mara moja. Sibebi tena.

Lakini kuna kitu kwenye barua yako kimenikaa kooni, nacho ni kile ulichosema nisikitaje. Katika hadithi yetu mzee hakumwomba yule mwanamke chochote, sivyo? Alimuuliza tu maisha. Basi alikosa nini?

Mwenye duka la dawa


Tarehe 21 Machi

Nilikasirika nikaichana barua yako, kisha nikaiunganisha kwa gundi.

Nilimsomea Rabi. Akasema, "Huyu mwanamke wa dawa ana akili kuliko wewe leo." Akanieleza ambayo nayajua na nilijifanya siyajui: kwamba mababu zake walijifunza sarufi kwa Waarabu ili waisome Torati yao vizuri zaidi, na tafsiri yake wakaiandika kwa Kiarabu, na kwamba Waislamu wa mwanzo waliposoma kwa kifupi habari za manabii waliwauliza Wayahudi na Wakristo waliosilimu wawamalizie. Padri akaamka akasema, "Sisi tulichukua kwa kila mtu, tukasahau kushukuru," akalala tena.

Sawa. Fanya kwa njia yako. Nimekuandikia kwenye karatasi ya pili hadithi zote mbili, yetu na yao, bila kuficha kitu.

Ila muumize. Usirudi ukaniambia mlielewana.

Mfasiri


Tarehe 2 Aprili

Dada yangu,

Hatukuelewana.

Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama nje madirishani. Rangi mbichi, viti vipya bado vina nailoni, ukikaa vinalia. Wanawake tuliwekwa upande wa kushoto nyuma ya pazia, na kipaza sauti kimoja cha maswali. Kwenye upenyo nilimwona Mhandisi mstari wa mbele, pembeni yake mwenyekiti. Mke wa mwenyekiti alikuwa upande wetu, viti viwili kutoka kwangu, na hakunijua.

Radi alisimulia. Dada, anajua kusimulia. Hata mimi nilisahau nilikuja kufanya nini. Alipofika kwenye kizingiti alishusha sauti mpaka watu wakainama kumsikia. Kisha akapaza: "Nyumba yenye mwanamke asiyeshukuru haina mlango!" Wanaume wakaitikia. Nami nikakumbuka.

Maswali yalipofunguliwa nilishika kile kipaza sauti kabla hakijapewa mtu. Nilisema:

"Mwalimu, simgusi Nabii. Nabii alijua tusiyoyajua. Nakuuliza wewe uliyesimulia. Yule mwanamke alikosa nini?"

"Hakuwa na shukrani."

"Aliulizwa maisha yanakwendaje. Alisema uongo?"

"Hakusema uongo."

"Basi angedanganya?"

"Angevumilia," akasema.

"Alivumilia. Aliulizwa. Na aliyemuuliza alijitambulisha kwamba ni baba mkwe?"

Ndipo akaitambua sauti yangu. Niliona shingo yake inageuka kulitafuta pazia. Akasema, "Maswali haya umeyatoa kwa Wayahudi! Nami namjua aliyekutuma!"

Watu wakaanza kunung'unika, nikaona hapa ndipo ulipotaka nimchome. Nikasema, "Hapana, Mwalimu. Nimeyatoa kwenye hadithi yako, sasa hivi, umeisimulia mwenyewe. Wayahudi nao wanaisimulia, na huenda waliisikia kwetu, maana majina waliyoyatia humo ni ya kwetu. Lakini walipoipokea waliongeza kitu. Wao wanasema mzee aliomba mkate na maji, mwanamke akamnyima. Kwa nini waliongeza? Mimi nadhani waliangalia, hawakuona kosa la kumtolea mtu nyumbani, wakaona aibu, wakamtafutia kosa. Wewe hata kosa hukumtafutia. Mimi ulipokuja kwangu nilikupa maji. Ulikunywa. Ukamtumia mwanao kizingiti."

Mwanamke mmoja mzee nyuma yangu, wala simjui, akapiga kelele, "Mjibu mtoto wa watu!" Wengine wakadakia. "Mjibu! Alikosa nini?" Pazia likaanza kuyumba.

Radi akasema, "Hayo ni mambo ya ndani ya familia."

Mwenyekiti akasimama. Ni mtu mfupi, mpole wa sauti, lakini alisikika. "Mwalimu, samahani. Huyu ni nani? Ulikuja kwangu kumposea kijana wako, ukasema mkewe alishaachwa. Huyu anayesema yumo ndani ni nani?"

Mara ya kwanza katika maisha yangu niliisikia feni ya darini ikizunguka. Mke wa mwenyekiti alinyanyuka, akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Pole, mama," akatoka, na wanawake wengi wakamfuata.

Mhandisi alikuja kwa baba kesho yake. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgonjwa anayesubiri majibu. "Sasa mimi nifanye nini?" akaniuliza. Dada, mtu anayejenga madaraja! Nilicheka mpaka baba akachungulia. Nikamwambia, "Andika talaka. Wa kwanza ulimwacha kwa akili ya baba yako. Mimi niache kwa akili yako." Aliandika. Karatasi ilimteleza mezani, nami sikumsaidia hata kuishika.

Nimepanga vyumba viwili juu ya duka. Kamusi yako iko kwenye rafu, kati ya mizani na kalenda.

Mwenye duka la dawa


Tarehe 20 Aprili

Kwa uliyekuwa mke wa mwanangu,

Baada ya salamu. Najua ni wewe. Yule mwingine ni mdomo tu.

Tangu ufunguzi, kila darsa ninaloanza vinaletwa vikaratasi kutoka upande wa wanawake. Vyote vina swali moja. Juzi nilikuwa nafundisha udhu, nikaulizwa alikosa nini. Jana kijana mmoja wa kiume aliniuliza hivyo hivyo, mbele ya watu, bila haya.

Nataka kulijibu jambo hili kitaalamu na kulimaliza. Niandikie ni kitabu gani hicho cha Kiyahudi, na ni ukurasa upi. Nisipopata jibu lako nitawaeleza watu kwamba ni uzushi wa wanawake wawili walioachika.

Mwalimu


Tarehe 26 Aprili

Kwa Mwalimu,

Kitabu hakitoki nje ya chumba. Njoo usome. Tunafungua asubuhi. Meza ni moja, na kiti kilicho wazi kiko kati ya Rabi na Padri.

Mfasiri


Tarehe 15 Mei

Mdogo wangu,

Alikuja.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi nilipomwona mlangoni, kofia mkononi, amezeeka ghafla kuliko sauti yake. Nikamwonyesha benchi la korido. Nikanywa chai yangu mpaka tone la mwisho. Kisha nikaosha kikombe. Kisha nikakifuta. Nilikuwa nimeingoja chai ile miaka tisa.

Alipoingia, Rabi alinyanyuka kumpa mkono. Akasita, akaupokea. Padri akamsogezea kiti. Akaketi katikati yao, magoti yamebana, kama mtoto aliyepelekwa shule mpya. Nikamwekea kitabu mbele, wazi, pale pale. Akakitazama. Akakigeuza kidogo. Hakujua hata upande wa kuanzia.

"Nisomee," akasema.

"Sema tafadhali."

Padri alikohoa. Mzee akasema tafadhali.

Nikasoma Kiebrania, nikafasiri, polepole, neno kwa neno. Nilipofika kwenye majina ya wale wake wawili akaruka kwenye kiti. "Basi wao ndio waliosikia kwetu!" Uso wake uling'aa. Mdogo wangu wee, ulikuwa uso wa mwanafunzi, sikuwahi kuuona. Rabi akasema, "Huenda. Na habari za Ibrahimu na Sara nyinyi mlizisikia wapi kwanza?" Mzee akajibu zilishuka kwa wahyi. Rabi akasema, "Kweli, lakini mlipotaka habari zaidi, mlikwenda kumuuliza nani?" Wakashikana. Walibishana mpaka Padri akaamka, akaingia na yeye na mambo yake ya Ketura, na mzee akamuuliza, "Ketura ndiye nani?" wakamweleza wote wawili kwa pamoja, wakipishana. Nilisimama pale nimeshika kalamu. Nilichukia kwamba lilikuwa darsa zuri.

Walipotulia nikamwambia, "Sasa na mimi nijibu. Nilikosa nini?"

Aliangalia mikono yake. Nilidhani atasema shukrani, uvumilivu, mambo yake. Akasema, "Ulikuwa na kitabu cha herufi hizi mezani, na ulikuwa unakielewa. Niliogopa mwanangu atakuja kukusikiliza wewe kuliko mimi."

Hakuomba radhi. Nami sikumpa ambacho hakukiomba. Nilifunga kitabu nikasema chumba kinafungwa, na jua lilikuwa bado liko juu ya paa la ofisi za posta. Akachukua kofia yake, akatoka. Nikaona raha. Sikudanganyi, niliona raha mpaka nikaogopa.

Nilidhani nimemaliza naye. Kesho yake asubuhi nikamkuta kwenye benchi kabla sijafungua. Hakunisalimia, alikwenda moja kwa moja kwa Rabi. Anataka kukisoma mwenyewe kile kitabu, anasema hamwamini mfasiri mwanamke. Rabi, ambaye hana adabu, amekubali kumfundisha. Sasa kila siku wamekaa pale na kitabu cha watoto, chenye picha ya nyumba na ya ngamia, na Radi mzima anasoma kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Ukumbi wake mpya anauendesha mtu mwingine. Mwanawe, nasikia, amerudi kwenye daraja lake na hataki kushuka.

Unaniuliza kwenye barua yako kama nimemsamehe. Sijamsamehe. Ila nimehamisha meza yangu karibu na yao. Bado anachanganya herufi ya beti na ya kafu, maana zinafanana, na macho yake hayaoni vizuri. Kila akikosea, Rabi anafumba macho asimwaibishe. Mimi namsahihisha. Namsahihisha kwa sauti, chumba kizima kisikie, naye anainamisha kichwa na kuanza tena mstari tangu mwanzo.

Herufi zao ni ishirini na mbili. Sina haraka.

Dada yako,
Mfasiri